Jina Nyuma ya Picha: Historia ya Mitaa na Vijiji vya Uskoti katika Picha za Kale

Utangulizi

Katika mojawapo ya picha za mwanzo kabisa zilizopigwa Uskoti yumo mwanamke mchuuzi wa samaki. Amevaa nguo za milia walizokuwa wakivaa wachuuzi wenzake, na macho yake ameyainamisha, kana kwamba anayemtazama hana haki ya kutazamwa naye. Picha hiyo ilipigwa katikati ya miaka ya 1840 katika kijiji cha wavuvi cha Newhaven, kilichoko ufukweni mwa ghuba ya Forth, kiasi cha kilomita tatu kaskazini ya kitovu cha mji wa Edinburgh. Mwaka 1931 mhakiki wa Kijerumani Walter Benjamin, katika insha yake fupi juu ya historia ya upigaji picha, alisimama mbele ya mwanamke huyo. Aliona kwamba mtu akishamaliza kuusifu ufundi wa mpigapicha, hubaki kitu ambacho ufundi hauwezi kukinyamazisha: dai la kutaka kujua jina la aliyekuwa hai pale.

Jina hilo lipo. Makumbusho yanayohifadhi nakala za picha hiyo humtaja mwanamke huyo kuwa Elizabeth Johnstone Hall. Hata hivyo, kuwapo kwa jina ni bahati zaidi kuliko kawaida. Katika maelfu ya picha za kale za miji na vijiji vya Uskoti, sura zimehifadhika na majina yametoweka. Jambo hili si dogo. Picha huweza kuhifadhi ukuta, paa, tenga na mkunjo wa nguo kwa uaminifu ambao hakuna mwandishi awezaye kuufikia. Lakini yenyewe haisemi ni nani aliyesimama kando ya ukuta ule. Jina huja kutoka nje ya picha. Hutegemea ni nani aliyeagiza picha ipigwe, kwa madhumuni gani, na ni nani aliyebaki hai kukumbuka. Inafaa basi kuzipitia baadhi ya picha hizo kwa kuuliza swali moja tu: nani alitajwa, nani hakutajwa, na kwa nini?

Wachungaji na Wachuuzi

Picha za Newhaven zilizaliwa kutokana na tukio la kidini. Tarehe 18 Mei 1843, Kanisa la Uskoti lilifarakana. Mamia ya wachungaji waliondoka katika kanisa lao, wakaacha nyumba na mishahara, kwa sababu hawakukubali kwamba mwenye ardhi awe na haki ya kuwachagulia waumini mchungaji. Wakaanzisha Kanisa Huru. Mchoraji David Octavius Hill aliamua kulichora tukio hilo katika mchoro mmoja mkubwa, lakini hakuona njia ya kuzichora sura za watu wengi kiasi hicho kabla hawajatawanyika kurudi makwao. Mwanasayansi David Brewster alimshauri aitumie sanaa mpya ya picha, akamkutanisha na kijana Robert Adamson, aliyekuwa ameanza kazi hiyo mjini Edinburgh mwaka huohuo. Mbinu waliyoitumia, yaani kalotipu ya Mwingereza William Henry Fox Talbot, ilikuwa imewekewa hataza Uingereza, lakini hataza hiyo haikufika Uskoti. Hivyo mafundi wa kule waliitumia bila kulipa ada.

Wawili hao walifanya kazi pamoja kwa muda usiozidi miaka mitano, kwani Adamson alifariki Januari 1848 akiwa na umri wa miaka 26. Katika muda huo mfupi walipiga picha zipatazo 3,000. Mchoro wa Hill ulikamilika mwaka 1866, ukiwa na sura za watu zaidi ya 450, wakiwamo wengine ambao hawakuwapo siku yenyewe. Karibu kila sura katika mchoro huo ina jina. Wachungaji walikwenda kupigwa picha ili watambulikane. Jina lilikuwa ndilo shabaha ya kazi.

Hali ya Newhaven ilikuwa tofauti. Hill na Adamson walikwenda kijijini humo kwa sababu walivutiwa na wavuvi na wake zao: wanaume wenye mashua, na wanawake waliobeba matenga ya samaki mgongoni na kupanda nayo hadi Edinburgh kuuza mlango kwa mlango. Mwaka 1844 walitangaza kwamba wangetoa kitabu cha picha za wavuvi wa ghuba ya Forth. Kitabu hicho hakikutoka. Picha zilibaki, nyingine zikiwa na majina na nyingine zikiwa na maneno kama “mchuuzi wa samaki” au “mvuvi na watoto”. Hapa mtazamaji anakumbana na tofauti ya kwanza. Mchungaji hupigwa picha akiwa mtu. Mchuuzi hupigwa picha akiwa mfano wa watu wa aina yake. Upo hata mkutano wa aina hizi mbili ndani ya picha moja, ambamo mchungaji wa Newhaven, James Fairbairn, amekaa pamoja na wanawake wa kijiji hicho, kitabu kikiwa wazi. Jina la mchungaji limo katika anwani ya picha. Wanawake ni “wachuuzi wa Newhaven”.

Hapana budi kuongeza kwamba picha hizo hazikuwa za ghafla. Kalotipu ilihitaji mwanga mwingi na muda mrefu wa kutulia. Hata picha zinazoonekana kama za ndani ya nyumba zilipigwa nje juani, viti na meza vikiwa vimetolewa uani. Kwa hiyo utulivu wa wanawake wa Newhaven si tabia yao. Ni agizo walilolitii. Watu waliopanda kilima kila siku na mzigo mzito mgongoni waliombwa wasitikisike, na karne mbili baadaye wanasifiwa kwa utulivu.

Vichochoro vyenye Nambari

Miaka ishirini na tano baadaye, magharibi ya nchi, fundi mwingine alipewa kazi ya namna nyingine. Mji wa Glasgow, ambao mwaka 1801 ulikuwa na watu wapatao 77,000, kufikia mwaka 1871 ulikuwa unakaribia nusu milioni. Viwanda viliwavuta watu kutoka nyanda za juu za Uskoti na kutoka Ireland, na wageni hao walijazana katika nyumba kuukuu za kati ya mji. Nyuma ya kila nyumba iliyotazama barabara kulijengwa nyingine, na nyuma ya hiyo nyingine tena, hadi ukabaki uchochoro mwembamba usiopata jua. Mwaka 1866 baraza la mji lilipata sheria ya kuliruhusu kununua na kubomoa eneo la ekari 88. Kati ya mwaka 1868 na 1871, Thomas Annan alipiga picha za vichochoro hivyo kwa ajili ya wadhamini wa mpango huo.

Huu ndio utata mkubwa wa picha za Annan. Zinatazamwa leo kama ukumbusho wa Glasgow ya kale, na bila shaka ni ukumbusho. Lakini aliyeuagiza ukumbusho huo ndiye aliyekuwa na nyundo mkononi. Nyumba ilipigwa picha kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuhukumiwa. Mtazamaji huona mfereji wa maji machafu katikati ya njia, nguo zilizoanikwa juu ya vijiti vilivyotoka madirishani, ngazi za mawe zilizolika. Huona vilevile watu: mwanamke mlangoni, wanaume wameegemea ukuta, kundi la watoto. Mahali penye giza kamera ilihitaji muda mrefu, na watoto hawakutulia. Basi baadhi yao wamebaki kama ukungu, miguu miwili wazi na mahali pa uso pamefutika.

Anwani za picha hizo hazimtaji mtu yeyote. Zinataja nambari na barabara: “Kichochoro, Na. 118 High Street”, “Kichochoro, Na. 80 High Street”. Wakazi wa nyumba za namna hiyo walikuwa wamezoea kuhesabiwa. Kwa sheria ya mwaka 1862, nyumba ndogo za Glasgow zilibandikwa kibati mlangoni, kikieleza ujazo wa nyumba na idadi ya watu walioruhusiwa kulala humo. Nao wakaguzi walikuwa wakibisha hodi usiku wa manane kuhesabu vichwa. Kwa hiyo kulikuwa na nambari ya mlango, nambari ya ujazo na nambari ya walalao, na kamera ikaongeza ushahidi wake bila kuongeza jina.

Hata Chuo Kikuu hakikuwa nje ya mkasa huu. Kwa takribani karne nne Chuo Kikuu cha Glasgow kilikuwa katika barabara hiyohiyo ya High Street. Mwaka 1870 kilihamia kwenye kilima cha Gilmorehill, magharibi ya mji, baada ya kuliuza eneo lake la kale kwa kampuni ya reli. Annan alipiga picha za majengo hayo pia, pamoja na za maprofesa wake, na mwaka 1871 zikatolewa katika kitabu cha ukumbusho. Maprofesa wana majina na vyeo. Jirani zao wa upande wa pili wa ukuta, waliohama wakati mmoja nao lakini bila kilima cha kuhamia, wana nambari.

Mfano mwingine unawagusa wasomaji wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1864 Annan alimpiga picha David Livingstone, ambaye safari zake zilimfikisha Ujiji na hatimaye kifoni mwaka 1873. Livingstone alizaliwa mwaka 1813 katika kijiji cha Blantyre, kusini-mashariki ya Glasgow, ndani ya jengo la wafanyakazi wa kinu cha pamba lililokaliwa na familia 24, kila moja katika chumba kimoja. Yeye mwenyewe aliingia kinuni akiwa na umri wa miaka 10. Jengo hilo lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1929, na ndiyo sababu halikubomolewa. Jina moja liliiokoa nyumba ya familia 24. Na majina ya familia nyingine 23 hayaulizwi na wageni.

Biashara ya Mandhari

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, picha za vijiji zikawa bidhaa. George Washington Wilson wa Aberdeen na James Valentine wa Dundee waliunda makampuni yaliyotuma wapigapicha kila pembe ya Uskoti. Reli na meli za mvuke zilikuwa zimewaleta watalii, na watalii walitaka kitu cha kurudi nacho nyumbani. Mwaka 1894 posta iliruhusu kadi za picha za watu binafsi, na mwaka 1902 ikaruhusu ujumbe na anwani viandikwe upande mmoja, hivyo picha ikaweza kuujaza upande wa pili. Tangu hapo karibu hapakuwa na kijiji cha Uskoti kilichokosa kadi yake ya posta. Vioo vya Wilson vimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, na hazina ya kampuni ya Valentine iko katika Chuo Kikuu cha St Andrews.

Kwa mwanahistoria wa mahali, hazina hizi hazina mfano. Herufi G.W.W. au J.V., pamoja na nambari iliyo chini ya picha, husaidia kukadiria mwaka. Mabango ya maduka husomeka. Nyasi za paa hugeuka vigae kati ya kadi moja na nyingine. Lakini kadi iliuzwa kwa mtu asiyekijua kijiji. Yeye alihitaji jina la mahali, hakuhitaji jina la mtu.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ni picha za wanawake wa heringi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, maelfu ya wanawake kutoka vijiji vya pwani na visiwani walizifuata meli za uvuvi, wakianzia Lerwick kule Shetland wakati wa kiangazi na kuishia Great Yarmouth, Uingereza, wakati wa majani kupukutika. Walifanya kazi watatu watatu: wawili wakipasua samaki na kutoa matumbo, mmoja akipanga katika mapipa yenye chumvi. Katika picha nyingi vidole vyao vimefungwa vitambaa. Kadi zenyewe huwaita kwa jina la jumla, “wasichana wa heringi”, na mtazamaji wa haraka huona tabasamu. Vitambaa vilifungwa ili kisu kisikate na chumvi isiingie katika jeraha. Anayelijua hilo huanza kuisoma picha kutoka vidoleni kabla hajafika usoni.

Kisiwa cha St Kilda, mbali magharibi katika bahari ya Atlantiki, kilipitia jambo hilihili kwa ukali zaidi. Katika picha maarufu ya miaka ya 1880 iliyosambazwa na kampuni ya Wilson, wanaume wa kisiwa wamesimama kwa mstari katika njia ya pekee ya kijiji. Kila asubuhi walikuwa wakikutana hapo kukubaliana juu ya kazi ya siku, na picha ikapewa jina la Bunge la St Kilda. Bunge hilo lilitazamwa na Uingereza nzima. Wabunge wake hawakuorodheshwa kwenye kadi. Tarehe 29 Agosti 1930, wakazi 36 waliobaki walihamishwa kwa ombi lao wenyewe, na mwaka 2016 akafariki mtu wa mwisho miongoni mwao. Tangu siku hiyo hakuna tena aliyeweza kuzitazama picha za uhamisho ule na kusema, “Huyu ni mama, na huyu ni mimi.”

Kulirudisha Jina

Je, jina lililopotea laweza kurudishwa? Njia ya kwanza ni ya karatasi, na Uskoti ina karatasi nyingi. Sensa zimewataja watu kwa majina tangu mwaka 1841. Vizazi, ndoa na vifo vimeandikishwa kwa lazima tangu mwaka 1855. Na kuanzia mwaka huohuo daftari la uthamini lilitaja kila mwaka mwenye nyumba na mpangaji wake. Mtafiti anaweza kuichukua picha ya Annan yenye nambari ya mlango, akaifuata katika sensa ya Aprili 1871, akakuta majina, umri, kazi na mahali pa kuzaliwa.

Lakini njia hii ina mpaka wake, na mtafiti mwaminifu hauvuki. Daftari hutoa majina ya nyumba. Halitoi jina la uso. Mtoto aliyegeuka ukungu katika kichochoro Na. 118 huenda ni mmoja wa waliosajiliwa humo, na huenda alitoka kichochoro cha pili kuja kuitazama kamera. Kumbandika jina kwa kukisia ni kumpoteza mara ya pili.

Katika vijiji vya wavuvi vya kaskazini-mashariki karatasi hupungukiwa zaidi. Huko Buckie na jirani zake, majina ya ukoo yalikuwa machache mno kiasi kwamba watu wengi walishiriki jina la kwanza na la pili pia. Wanakijiji walitofautishana kwa lakabu zilizorithiwa, na lakabu hizo zikawa za lazima hata zikaingia katika orodha rasmi. Katika visiwa vinavyozungumza Kigaeli, mtu hutajwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, jambo ambalo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa. Majina ya namna hiyo hukaa vinywani kabla ya kukaa vitabuni.

Ndiyo maana njia ya pili ni ya masimulizi. Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha taasisi ya taaluma za Uskoti, ambayo watafiti wake walikwenda vijijini kurekodi hadithi, nyimbo na kumbukumbu. Kabla yao, Mmarekani Margaret Fay Shaw aliishi katika kisiwa cha South Uist tangu mwaka 1929 hadi 1935, akipanga chumba kwa dada wawili, Peigi na Màiri MacRae. Alijifunza lugha, akaandika nyimbo, akapiga picha. Kitabu chake cha mwaka 1955 kinawataja waimbaji kwa majina. Mgeni wa meli alikaa kisiwani nusu siku akaondoka na sura. Yeye alikaa miaka sita akaondoka na majina. Kamera ilikuwa ni ileile.

Hatua iliyofuata iliwaweka wanakijiji wenyewe mahali pa mtafiti. Mwaka 1977, katika wilaya ya Ness, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Lewis, wakazi waliunda chama cha historia, Comunn Eachdraidh Nis. Walikusanya picha kutoka makabatini na masandukuni, wakawapelekea wazee, wakaandika walichosema. Kisa cha nyumba moja kiliifungua nyumba ya pili. Mfano wao ukaenea katika visiwa vingine. Mwanamke wa heringi, ambaye kwenye kadi ya posta alikuwa mmoja wa “wasichana”, aliweza kutambuliwa na mpwa wake kwa namna alivyosimama.

Hitimisho

Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kuambiwa kwamba maandishi huhifadhi na kinywa husahau. Picha za kale za Uskoti zinaonyesha kuwa uhusiano huo ni wa pande mbili. Picha ni hati iliyokamilika kwa nje na yenye pengo kwa ndani, pengo hilo hujazwa na mtu anayeitazama na kusema, “Namjua.” Na mtu huyo hadumu. Kwa kawaida kumbukumbu ya uso haivuki vizazi vitatu: mjukuu atamtambua bibi yake, na kitukuu atauliza.

Kutokana na hayo, kazi ya mwanahistoria wa mahali haina budi kuwa na mpangilio wa haraka kinyume cha ule uliozoeleka. Karatasi zinaweza kungoja. Sensa ya mwaka 1871 itakuwapo mwakani. Picha nayo, ikihifadhiwa pakavu, itangoja. Asiyeweza kungoja ni mzee ambaye bado anaweza kuigeuza picha na kuandika nyuma yake, kwa penseli, jina la baba, jina la mama, na lakabu waliyoitwa na jirani. Watu zaidi ya 450 wa mchoro wa Hill hawakuhitaji huduma hiyo. Walioihitaji ni waliosimama milangoni kule High Street, na hao hawakuulizwa na mtu yeyote katika miaka ambayo bado wangeweza kujibu.